Povu la korona na vidole vya mama: dawa za baridi yabisi zilitoka wapi

#1 mtoto_wa_korona

Wakuu salaam. Jambo hili nimekaa nalo muda mrefu, leo nimeamua kulimwaga lote. Naandikia kwenye simu kwa hiyo litakuja vipande vipande, naombeni subira.

Mama yangu ana baridi yabisi. Nasema ile inayoshambulia vidole vya mikono yote miwili kwa wakati mmoja, siyo magoti ya uzee. Ilimwanza akiwa na miaka 41. Akiamka asubuhi mikono imekaza kama mtu aliyelala ameshika mpini wa jembe. Vifundo vimevimba, ukivigusa vina joto. Chupa ya chai hawezi kuifungua kwa vidole. Anaibana katikati ya mapaja, anakumbatia kifuniko kwa viganja viwili, halafu anazungusha mwili mzima kuanzia mabegani. Khanga hafungi fundo, anachomeka tu ubavuni. Ikifika saa nne ndiyo vidole vinaanza kukubali kukunjika.

Kwa wasioijua: kinga ya mwili, ile inayotulinda na vijidudu, inageuka na kuushambulia utando laini uliofunika kiungo kwa ndani, ule unaotoa ute. Utando unavimba, unanenepa, halafu unaanza kula gegedu (ile mfupa laini ya kwenye kiungo) na mfupa wenyewe. Ukichelewa kuuzima, vidole vinapinda na havirudi tena. Wanawake wanaipata zaidi kuliko wanaume, mara mbili hadi tatu.

Nilianza kusoma habari za dawa zake kwa sababu ya mambo yaliyompata mama, nitayaeleza mbele. Nikakuta kwamba moja ya dawa kubwa kuliko zote ilipita kwenye mfereji niliokuwa nachezea nikiwa mtoto. Kweli kabisa. Ndiyo maana nimeanzisha uzi huu.

#2 mtoto_wa_korona

Tuanze. Mpaka miaka ya 1940 mgonjwa wa baridi yabisi alikuwa na aspirini, ambayo Bayer walianza kuiuza mwaka 1899, na kuanzia 1929 alikuwa na sindano za dhahabu, madini yenyewe, alizoanza kuzitumia Mfaransa Jacques Forestier. Aspirini ilipunguza maumivu ila viungo viliendelea kuliwa. Dhahabu iliwasaidia baadhi na kuwaharibu wengine figo.

Mwaka huohuo wa 1929, katika kliniki ya Mayo huko Rochester, jimbo la Minnesota, Marekani, daktari aitwaye Philip Hench alikuwa na mgonjwa wa viungo ambaye naye alikuwa daktari. Mgonjwa akapata ugonjwa wa manjano, ule wa ini, macho yakawa ya njano. Siku iliyofuata maumivu ya viungo yakapungua, na akakaa wiki kadhaa bila shida. Daktari mwingine angesema ni bahati tu, akaendelea na kazi. Hench aliandika. Akawaangalia wengine wenye manjano, akakuta hali ni ileile. Kisha akaona wajawazito wenye baridi yabisi nao wanapata nafuu wakibeba mimba, halafu ugonjwa unarudi baada ya kujifungua.

Akajiuliza: kuna kitu gani mwilini kinachoongezeka kwa mwenye manjano na kwa mjamzito? Hakukijua. Akakiita kitu X. Alijaribu kuwapa wagonjwa nyongo, akajaribu kuwatia damu ya watu wenye manjano. Haikusaidia. Miaka ikapita karibu ishirini.

Palepale Mayo alikuwepo mwanakemia Edward Kendall, aliyekuwa akichambua tezi ndogo zinazokaa juu ya figo. Alitoa humo vitu kadhaa akavipa herufi A, B, C kuendelea. Mwaka 1941 wawili hao walikubaliana kwamba siku moja wajaribu kile cha herufi E. Shida ilikuwa kukipata, maana tezi za ng'ombe maelfu zilitoa chembe tu.

Ngoja nile, nitaendelea.

#3 Nuru wa Pwani

Mkuu hapo kwenye mimba umenigusa. Mimi nina ugonjwa huu mwaka wa sita. Nilipobeba mimba ya pili, kuanzia mwezi wa nne nilisahau kabisa kama naumwa, nilikuwa nafua mwenyewe. Mtoto alipofikisha miezi miwili vidole vikarudi kulekule, hata kumbeba ilikuwa taabu. Watu waliniambia nimerogwa baada ya uzazi. Kumbe kuna mtu aliliona hilo tangu zamani.

#4 mtoto_wa_korona

Dada Nuru, pole sana. Ndivyo hasa alivyoliona. Hukurogwa.

Naendelea. Wakati wa vita kuu ya pili ulienea uvumi kwamba marubani wa Ujerumani wanadungwa dawa ya tezi hizo ili waweze kuruka juu sana. Uvumi haukuwa na ukweli, lakini serikali ya Marekani iliuchukulia kwa uzito na ikatoa fedha za utafiti. Mwanakemia Lewis Sarett wa kampuni ya Merck akafanikiwa kukitengeneza kitu E kutokana na nyongo ya ng'ombe, kwa njia ndefu yenye hatua zaidi ya thelathini, kila hatua ikipoteza kiasi. Gramu chache tu zilipatikana.

Tarehe 21 Septemba 1948 walimdunga mgonjwa wa kwanza miligramu 100. Alikuwa mwanamke wa miaka 29, ameshajaribiwa kila kitu, hata kujigeuza kitandani hawezi. Siku ya pili yake akapewa tena. Siku iliyofuata akajigeuza mwenyewe. Wiki moja baada ya sindano ya kwanza akatoka hospitali akaenda mjini kufanya manunuzi, akatembea madukani saa tatu nzima.

Nilipofika hapo niliweka simu chini. Mtu aliyekuwa hawezi kujigeuza, anatembea madukani saa tatu. Ukiwa na mgonjwa nyumbani, sentensi kama hiyo huisomi mara moja.

Kitu hicho ndicho kilichoitwa kortizoni. Mwaka 1950 Hench, Kendall na Tadeus Reichstein wa Uswisi wakapewa tuzo ya Nobel. Dunia nzima ikaitaka dawa, na dawa hakuna. Gramu moja iliuzwa karibu dola 200 za wakati ule.

#5 Mdigo Halisi

Mkuu shusha vitu. Huo mfereji wako mbona hatujaufikia?

#6 mtoto_wa_korona

Ndiyo naufikia.

Nimezaliwa kwenye shamba la mkonge mkoani Tanga. Baba alifanya kazi korona, na korona ninayosema ni ile ya zamani, kinu cha kukamua mkonge. Kazi yake ilikuwa kupanga majani kwenye mkanda unaoyapeleka kwenye meno ya mashine. Mama alikuwa akianika singa, yaani nyuzi za mkonge. Mkonge wenyewe uliletwa na Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893. Miche 1,000 ilisafirishwa kutoka Florida, ikafika Pangani ikiwa hai 62. Kutokana na hiyo 62 Tanganyika ikaja kuongoza duniani kwa mkonge.

Jani la mkonge ukilipitisha korona, singa unayopata haifiki hata kilo tano kwa kila kilo mia. Zilizobaki zote ni maji na makapi ya kijani. Pale kwetu yalikuwa yanatoka chini ya mashine kwa kelele, yanaingia kwenye mfereji wa saruji, yanakwenda shimoni na mengine mtoni. Juu yake kuna povu jeupe zito kama la sabuni ya unga, linafika magotini kwa mtoto. Sisi tuliingia humo tukitoka shule. Baada ya nusu saa miguu inawasha mpaka unalia, na harufu yake haitoki hata ukioga mara tatu. Mama alikuwa akitusugua kwa majivu.

Lile povu, wakuu, ndiyo hadithi yenyewe. Linatokana na kitu kiitwacho saponini. Ni sukari iliyoshikana na kiini. Ukiivua ile sukari kwa kuichemsha na tindikali, kinabaki kiini peke yake, kinaitwa hekojenini. Na hicho kina umbo lilelile la pete nne zilizoshikana ambalo kortizoni inalo.

Pete nne zinapatikana kwenye mimea mingi. Ugumu ulikuwa mahali pamoja: ili kortizoni ifanye kazi ni lazima iwe na oksijeni kwenye kaboni namba 11, na mahali hapo pamejificha, wanakemia walikuwa hawapafikii. Nyongo ya ng'ombe ina oksijeni kwenye namba 12, jirani yake, kwa hiyo Sarett aliweza kuihamisha. Viazi pori vya Mexico, ambavyo vilikuwa vingi na rahisi, havikuwa na kitu pale. Hekojenini ya mkonge ina oksijeni namba 12, kama nyongo. Na haichinjwi.

Mwaka 1951 watafiti watatu wa taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba huko Mill Hill, London, yaani Callow, Cornforth na Spensley, walitangaza kwamba chanzo kizuri cha hekojenini ni maji yanayomwagwa na viwanda vya mkonge. Cornforth huyo ndiye aliyekuja kupata Nobel ya kemia mwaka 1975 kwa kazi nyingine. Kampuni ya Glaxo ya Uingereza ikaichukua njia hiyo, ikawa inatengeneza kortizoni kutokana na mkonge wa Afrika Mashariki.

Namna yake: maji ya korona yanaachwa yachachuke siku saba. Tope linashuka chini na hekojenini nyingi iko humo. Tope linachemshwa kwa mvuke wenye shinikizo kubwa, linachujwa, linakaushwa. Kilo moja ya hekojenini inahitaji kama tani kumi za majani.

Tani kumi. Nimemuuliza mjomba aliyekuwa mkata mkonge, akakaa kimya akihesabu mizigo kwa vidole.

#7 Babu Ngomeni

Kijana, umenirudisha mbali. Mimi nilikuwa kwenye shamba jirani na huko unakokusema. Nilikata mkonge kwa kipande, siku thelathini za kazi ndipo kadi inajaa ulipwe. Miba ya ncha ya jani imenitoboa sana, hata sasa nina alama chini ya jicho. Samaki nilikuwa nawaona wameelea mtoni wakifungulia maji ya korona. Tulijua yale maji ni sumu. Hakuna aliyetuambia kuwa ni dawa.

Nami magoti yangu yamekwisha. Nakusoma.

#8 mtoto_wa_korona

Shikamoo babu. Ahsante kwa kutufikia hapa. Saponini ndiyo iliyokuwa inaua samaki, inawaharibu mashavu wanayopumulia. Ni kitu kilekile.

Na hilo la kutoambiwa limenikaa moyoni. Baba amefariki hajui. Alikuwa na maumivu ya mabega miaka yote, na alikuwa akitembea juu ya tope lenye malighafi ya dawa.

Haki itendeke kwenye historia pia: mkonge haukushinda peke yake. Mwaka 1952 kampuni ya Upjohn ya Marekani iligundua ukungu, jamii ya ule unaoota kwenye mkate, ambao ukilishwa kitu kinachotokana na viazi vya Mexico unaweka wenyewe oksijeni pale namba 11. Bei ikaporomoka. Lakini Waingereza waliendelea na mkonge miaka mingi.

Mambo ya magoti nitayafikia babu, ni ugonjwa mwingine kidogo.

#9 mtoto_wa_korona

Sasa nieleze yaliyompata mama.

Alipoanza kuumwa tulizunguka naye sana. Baadaye mtu mmoja akamletea dawa, chupa ya soda yenye maji meusi machungu pamoja na vidonge vidogo vyeupe kwenye bahasha ya kaki isiyo na jina. Akaambiwa ni mitishamba imesindikwa. Alimeza jioni ya Alhamisi. Jumamosi nilimkuta uani anatwanga kisamvu. Alinyanyua mchi mbele yangu, akacheka. Tulimshukuru Mungu, tukamtafuta yule mtu tukamwongezea pesa.

Akawa anavitumia miaka miwili. Uso ukajaa, ukawa duara. Majirani wakasema amenawiri. Nyuma ya shingo kukaota nundu ya mafuta. Ngozi ya mikono ikawa nyembamba kama karatasi ya kufungia maandazi, akijigonga kidogo tu inavilia damu. Sukari ikapanda. Halafu siku moja akateleza barazani, kuanguka kwa kawaida ambako mtoto anasimama na kuendelea kukimbia, mfupa wa nyonga ukavunjika.

Hospitali wakaomba kuviona vidonge. Daktari akavitazama, akaniuliza, "Amevitumia muda gani?" Nikamwambia. Akaweka kalamu mezani. Vilikuwa prednisoloni, mdogo wake kortizoni.

Yale yaliyompata mgonjwa wa Hench mwaka 1948 ndiyo yaliyompata mama pale kwenye kinu cha kutwangia. Na yaliyofuata ni yaleyale pia, kwa sababu Hench na wenzake walianza kuyaona mapema: uso duara, mifupa kulainika, wengine kuvurugikiwa akili, na ukiacha dawa ugonjwa unarudi kwa nguvu. Dunia imeyajua haya zaidi ya miaka sabini. Sisi tulikuwa hatuyajui kwa sababu bahasha haikuwa na jina.

Kosa likaongezeka. Tuliporudi nyumbani mama kwa hasira akavitupa vyote chooni. Siku ya tatu alikuwa anatapika, hawezi kusimama, presha imeshuka, tukamkimbiza tena usiku.

#10 tabibu_wa_zamu

Naomba niongeze hapa kwa sababu ni muhimu kuliko yote. Mimi ni tabibu, nakutana na hali hii mara nyingi.

Ukitumia dawa za jamii hii (prednisoloni, deksamethasoni, ambazo mtaani wanaziita deksa) kwa wiki nyingi mfululizo, zile tezi za juu ya figo zinalala, maana mwili unaona kitu kipo tayari. Ukikata ghafla, mwili hauna chake na hauna cha kuletewa. Mtu anaweza kufa. Kama ndugu yako anatumia, USIMNYANG'ANYE. Mpeleke hospitali, dozi itapunguzwa kidogo kidogo, wiki hata miezi. Na dada zetu mnaomeza deksa ili mnenepe, nanyi mnisikie.

Kwa daktari dawa hizi bado zina kazi nzuri sana: kuzima moto wa ghafla kwa muda mfupi huku tukisubiri dawa ya msingi ianze kushika. Mtoa mada, endelea na dawa ya msingi.

#11 mtoto_wa_korona

Ahsante daktari. Hapo ndipo tulipofika naye.

Dawa ya msingi aliyoanzishiwa mama inaitwa methotreksati. Historia yake ndiyo iliyoniuma kuliko zote, kwa sababu ilikuwa imeshapatikana na watu wakaipita.

Kuna Mhindi, Yellapragada Subbarow, aliyekuwa mtafiti wa kampuni ya Lederle Marekani. Kikosi chake kilitengeneza asidi ya foliki, ile wanayopewa wajawazito kliniki, kisha kikatengeneza vitu vinavyofanana nayo (methotreksati ni mojawapo) ambavyo vinaidanganya seli: seli inavipokea ikidhani ni foliki, inashindwa kuzaliana. Sidney Farber wa Boston akavitumia kwa watoto wenye saratani ya damu, akatangaza matokeo mwaka 1948. Subbarow akafa mwaka huohuo, hata jina halikukua.

Mwaka 1951 daktari Gubner na wenzake wakatoa taarifa kwamba dawa ya jamii hiyo inatuliza baridi yabisi. 1951! Lakini kortizoni ndiyo iliyokuwa imetawala vichwa vya watu, ina miaka michache tu, inamwinua mgonjwa kitandani ndani ya siku tatu. Nani atahangaika na dawa ya saratani inayochukua wiki sita kuonyesha nafuu? Ikakaa. Madaktari wachache wakaendelea kuitumia kwa ugonjwa wa ngozi wa soriasisi. Majaribio yaliyowashawishi wakubwa yalitoka mwaka 1985, mojawapo la Michael Weinblatt wa Boston lilikuwa na wagonjwa 35 tu, na Marekani ikaipitisha rasmi kwa baridi yabisi mwaka 1988. Miaka thelathini na saba tangu taarifa ya kwanza. Hesabuni vidole vilivyopinda katika miaka hiyo.

Leo ndiyo dawa ya kwanza anayoanzishiwa mgonjwa karibu dunia nzima, na ni ya bei nafuu.

Ila ina jambo moja la kuogopwa. Inamezwa MARA MOJA KWA WIKI. Sisi tulifanya kosa. Mimi nilikuwa safarini, mama mdogo ndiye anayempa dawa, na amezoea vidonge ni kila siku. Alimpa Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Alhamisi mama akanipigia akasema mdomo umechubuka ndani, hawezi kula ugali. Nilipouliza vidonge vimebaki vingapi, nikaelewa. Tuliwahi hospitali, Mungu mkubwa. Tangu siku hiyo boksi limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito pande zote: JUMATATU TU.

#12 Nuru wa Pwani

Mimi nimepewa hiyohiyo pamoja na foliki. Ila sijaelewa, kama dawa inapigana na foliki mbona napewa tena foliki?

#13 tabibu_wa_zamu

Swali zuri. Kwa dozi ndogo ya viungo, foliki unayomeza siku nyingine inalinda mdomo, tumbo na ini bila kuondoa faida ya dawa. Usiiache. Pombe epuka, na vipimo vya damu na ini uende kama ulivyopangiwa.

Na wewe dada niseme wazi: dawa hii hairuhusiwi kabisa kwenye mimba, inaharibu mtoto. Ukitaka kuzaa, mwambie daktari wako miezi kabla, ubadilishiwe. Zipo nyingine zinazofaa. Mojawapo ni haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini iliyokuwa inatuwasha utotoni. Hiyo nayo ilionekana kwa kuangalia tu: wakati wa vita kuu ya pili askari walimezeshwa dawa ya malaria iitwayo mepakrini, na waliokuwa na matatizo ya ngozi na viungo wakasema wanapata nafuu. Inahitaji macho yapimwe kwa vipindi ukiitumia miaka mingi.

#14 Mdigo Halisi

Kuna jamaa yangu yuko Muscat, anadungwa sindano kila baada ya wiki mbili, anasema amepona kabisa. Hiyo nayo ni nini?

#15 mtoto_wa_korona

Itakuwa adalimumabu au ndugu zake. Hajapona, mkuu, ametulizwa vizuri. Akiacha, mara nyingi itarudi.

Hizo zilitoka London. Miaka ya 1980 Marc Feldmann na Ravinder Maini walikuwa wanachukua vipande vya utando wa viungo vya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji, wanavihifadhi vikiwa hai kwenye visahani. Vile vipande viliendelea kutoa protini za kuchochea uvimbe, nyingi nyingi, kila moja ikipiga kelele. Watu wengi walidhani ukizima moja nyingine zitaendelea. Mwaka 1989 wao na mwenzao Fionula Brennan wakaonyesha kwamba ukizuia moja, iitwayo TNF, nyingine zinashuka pia. Ile ilikuwa kama baragumu. Ukiliziba, jeshi lote halijui pa kwenda.

Mwaka 1992 wakawapa wagonjwa wa kwanza kingamwili ya kuinasa TNF, katika hospitali ya Charing Cross. Wagonjwa walianza kusema uchovu umetoka siku hizohizo. Kuanzia 1998 dawa za namna hii zikaanza kupitishwa. Adalimumabu, kwa jina la Humira, ikaja kuwa moja ya dawa zilizouzwa kwa fedha nyingi kuliko zote duniani. Mwaka 2022 peke yake ilileta zaidi ya dola bilioni 20.

Kwetu kuna mambo mawili. La kwanza ni bei, linajulikana. India walianza kuuza nakala yake mwaka 2014 kwa bei ya chini sana, na mwaka 2019 WHO ikaiweka kwenye orodha ya dawa muhimu, kwa hiyo serikali zetu zina pa kuanzia.

La pili linasemwa kidogo mno. Ile TNF ndiyo inayoshikilia ukuta unaowafungia vijidudu vya kifua kikuu mapafuni. Watu wengi huku kwetu wanavyo, vimelala, hawaumwi. Ukiondoa TNF, ukuta unabomoka. Mwaka 2001 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa 70 waliopata TB baada ya kudungwa mojawapo ya dawa hizi. Kwa hiyo asidungwe mtu kabla hajapimwa TB, na akikutwa nayo imelala, atibiwe kwanza. Jamaa yako bila shaka alipimwa. Mtu akikuletea sindano hii kwa mlango wa nyuma, usikubali hata kama ni ya bure.

Nakasirika ninapoona dawa hizi zinajaribiwa zaidi kwenye nchi ambazo TB ni chache, halafu majibu yanaletwa kwetu kama yalivyo. Swali letu ni jingine, na watu wa kulijibu ni sisi, hapa, kwa wagonjwa wetu.

#16 Babu Ngomeni

Na magoti? Watu wananiambia ute umeisha ninywe maji ya bamia. Mwanangu aliyeko ng'ambo kaniletea kopo la vidonge vya glukosamini, bei ghali.

#17 mtoto_wa_korona

Babu, hapa nitasema kama nilivyokuta, hata kama halipendezi.

Magoti ya kusagika bado hayana dawa ya kurudisha gegedu. Hakuna, si hapa wala Marekani. Gegedu halina mishipa ya damu, likilika halijijengi kirahisi, na mtu anapoanza kusikia maumivu limeshaondoka kiasi kikubwa. Glukosamini ilijaribiwa Marekani kwa watu 1,583, matokeo yakatoka mwaka 2006: kwa jumla haikushinda kidonge kitupu. Bamia ni mboga nzuri, kula babu, lakini ute wake unaishia tumboni.

Wamejaribu mengine makubwa. Tanezumabu ilizuia protini inayopeleka maumivu kwenye neva, na maumivu yakapungua kweli. Ila baadhi ya waliotumia viungo vikaharibika haraka zaidi, na mwaka 2021 washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani wakapiga kura 19 kwa 1 kuikataa. Kabla ya hapo kulikuwa na Vioxx, ya maumivu, iliyoondolewa sokoni tarehe 30 Septemba 2004 kwa sababu ya kuongeza mshtuko wa moyo. Ndiyo maana hata diklofenaki zetu za dukani, kwa mtu wa umri wako, ni vizuri uulize kwanza habari za moyo na figo.

Kinachosaidia kwa ushahidi ni kuimarisha misuli ya paja na kupunguza uzito kama umezidi. Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja mbele, ushikilie ukihesabu hadi kumi, shusha pole pole. Mara kumi kila mguu, kila siku. Mguu ukichoka ndiyo unafanya kazi. Dawa ya kupaka ya diklofenaki juu ya goti nayo ina nafuu na haisumbui tumbo kama vidonge. Ukizidiwa kabisa, kuna kubadilishiwa goti kwa upasuaji.

#18 Babu Ngomeni

Nimekuelewa. Paja nitaanza kesho. Mama yako hajambo sasa?

#19 mtoto_wa_korona

Hajambo babu, ahsante kwa kuuliza. Nyonga ilishika, anatembea na mkongojo. Prednisoloni alipunguziwa kwa miezi minane hadi ikaisha. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vimeshapinda, hivyo havirudi. Vingine vinakunjika asubuhi kabla ya saa moja na nusu.

Leo ni Jumatatu. Nimempa vidonge vyake sita, kavimeza kwa uji, akaniambia nimpishe kwenye kiti. Chupa ya chai ilikuwa mezani. Aliishika kwa mkono wa kulia, akazungusha kifuniko kwa vidole.

#20 Nuru wa Pwani

Mwambie mama shikamoo kutoka kwangu.